Safari za roketi: Ajabu iliyogeuka kuwa mazoea

ASUBUHI ya Jumamosi, Aprili 15, 2023, Wakenya waliokuwa wakifuatilia habari za setilaiti ya Taifa-1 walikodolea macho runinga, tarakilishi na simu zao za mkononi wakisubiri itimie saa tatu na dakika 48. Kule California, Marekani, ulikuwa bado usiku wa Ijumaa, dakika chache kabla ya saa sita. Katika kambi ya Vandenberg, roketi ya Falcon 9 ilikuwa imesimama wima ikisubiri amri ya mwisho.

Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja kutokana na hali mbaya ya hewa, na waliotaka kuishuhudia walilazimika kurejea mbele ya skrini siku baada ya siku. Hatimaye hesabu ilifika sifuri, moto ukawaka na roketi ikapaa. Dakika chache baadaye, sehemu yake ya kwanza ilikuwa imerudi na kutua wima ardhini, huku sehemu ya pili ikiendelea na safari ikiwa imebeba setilaiti hiyo ndogo ya Kenya pamoja na makumi ya mizigo mingine.

Kwa Kenya, hilo lilikuwa tukio la kihistoria, kwani Taifa-1 iliundwa ili kupiga picha za ardhi kwa manufaa ya kilimo na utunzaji wa mazingira. Kwa kampuni ya SpaceX inayomiliki roketi hiyo, ilikuwa siku nyingine ya kazi. Mwaka huo wa 2023 pekee, kampuni hiyo ilirusha roketi za aina ya Falcon zaidi ya mara 90.

Jambo ambalo miongo sita iliyopita liliwakusanya watu kwa mamilioni kando ya redio na runinga, sasa hutokea kila baada ya siku moja au mbili, na yeyote mwenye simu anaweza kulitazama huku akinywa chai. Lilifikaje hapo? Na je, kuzoeleka kwake kuna maana kwamba hatari imekwisha? Wahenga walisema mazoea yana taabu, na historia ya roketi ni ushahidi mkubwa wa msemo huo.

Siri na kamera

Muungano wa Kisovieti ulipoirusha Sputnik mnamo Oktoba 4, 1957, hakuna mwananchi aliyealikwa kutazama. Dunia ilipata habari baada ya chombo hicho, tufe la chuma lenye uzito wa kilo 83.6, kuwa tayari kinaizunguka sayari. Watu walikifahamu kwa sauti yake ya mlio mfupi mfupi iliyosikika redioni.

Hali ilikuwa hiyo hiyo Aprili 12, 1961, Yuri Gagarin alipokuwa binadamu wa kwanza kufika anga za juu. Safari yake ilichukua dakika 108 tangu kuondoka hadi kurejea, na tangazo rasmi lilitolewa akiwa tayari yuko huko juu. Lau angepotea kabla ya tangazo hilo, pengine jina lake lisingejulikana kwa miaka mingi.

Usiri huo haukuwa wa bure. Mnamo Oktoba 24, 1960, kombora lililokuwa likitayarishwa kwa majaribio katika kituo cha Baikonur lililipuka likiwa bado kwenye jukwaa na kuwaua makumi ya watu, akiwemo Jemadari Mitrofan Nedelin aliyeongoza shughuli hiyo. Wananchi walielezwa kuwa jemadari huyo alifariki katika ajali ya ndege. Ukweli ulikuja kuchapishwa nchini humo mwaka 1989.

Marekani, kwa upande wake, ilichagua njia ya kamera na ikaonja uchungu wake mapema. Mnamo Desemba 6, 1957, roketi ya Vanguard iliinuka kiasi cha mita moja tu, ikarudi chini na kulipuka mbele ya waandishi wa habari. Magazeti ya ulimwengu yaliifanyia mzaha.

Hata hivyo, Alan Shepard aliporuka Mei 5, 1961, kamera zilikuwepo tena. Safari hiyo ya dakika 15 ilitazamwa moja kwa moja na Wamarekani wanaokadiriwa kufikia milioni 45. Tangu siku hiyo, urushaji wa roketi ukawa tamasha la sebuleni.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sehemu yake. Ili kuwasiliana na wanaanga walipokuwa wakiizunguka dunia, Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilijenga mlolongo wa vituo katika mabara mbalimbali. Viwili vilikuwa barani Afrika: Kano nchini Nigeria, na Unguja. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu mnamo Februari 20, 1962, wataalamu waliokuwa Unguja walizungumza naye na kupokea vipimo vya mwili wake na vya chombo chake. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mwezi waingia sebuleni

Kilele cha tamasha hilo kilikuwa Julai 1969. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walifurika kwenye fuo na barabara za Florida asubuhi ya Julai 16 kuiona Apollo 11 ikiondoka. Siku nne baadaye, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 600 kote duniani walitazama Neil Armstrong akikanyaga Mwezi.

Katika sehemu nyingi za Afrika, habari hizo zilifika kwa njia ya redio. Kenya ilikuwa na runinga tangu 1962, lakini kituo cha Longonot, ambacho kiliiunganisha nchi hii na mawasiliano ya setilaiti, kilianza kazi mwaka 1970.

Jambo la kushangaza ni kasi ambayo ajabu hiyo ilichuja. Apollo 12 iliondoka Novemba mwaka huo huo wa 1969, na ikapigwa na radi mara mbili katika dakika ya kwanza ya safari. Wanaanga walinusurika na kutua salama, lakini kamera yao ya rangi iliharibika baada ya kuelekezwa kwenye jua kwa bahati mbaya. Bila picha, hamu ya watazamaji ilipungua.

Ilipofika Apollo 13, iliyorushwa Aprili 11, 1970, kutembelea Mwezi kulikuwa kumekwisha kuwa habari ya kurasa za ndani. Usiku wa Aprili 13, wanaanga hao walitengeneza kipindi cha runinga kutoka chomboni kuwaonyesha watu maisha yao. Mashirika makuu ya runinga nchini Marekani hayakukirusha hewani moja kwa moja.

Dakika chache baada ya kipindi hicho kumalizika, tangi la oksijeni lililipuka. Ghafla dunia nzima ikarudi mbele ya runinga na kukaa hapo hadi wanaanga hao watatu walipotua salama baharini mnamo Aprili 17. Somo lilikuwa wazi: watazamaji walikuwa wamezoea, lakini anga haikuwa imebadilika.

Roketi za Ngwana

Wakati macho ya dunia yakielekezwa Florida, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea kimyakimya kwenye Ghuba ya Ngwana, kaskazini mwa Malindi. Humo baharini Italia ilikuwa imesimamisha majukwaa ya chuma yaliyofanana na yale ya kuchimbia mafuta. Mradi huo uliitwa San Marco, na aliyeuasisi alikuwa mhandisi Luigi Broglio.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa sababu ya uzuri wa ufuo. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kasi yake ni kubwa zaidi kwenye Ikweta, ambako hufikia takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na Ikweta hupata msukumo huo bila malipo, na hivyo kuokoa mafuta. Isitoshe, upande wa mashariki wa Ngwana ni bahari tupu, kwa hivyo mabaki yanayodondoka hayaangukii makazi ya watu.

Setilaiti ya kwanza kuondoka hapo ilikuwa San Marco 2, mnamo Aprili 26, 1967, ikibebwa na roketi ya Kimarekani ya Scout. Kati ya mwaka huo na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngwana na zote zikafika kwenye mzingo wa dunia.

Mashuhuri zaidi ni ile iliyorushwa Desemba 12, 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Kwa heshima ya siku hiyo, Marjorie Townsend wa NASA, ambaye alisimamia mradi huo, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengewa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Iliwasaidia wanasayansi kuorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kuchangia kuitambua Cygnus X-1 kama mahali panapodhaniwa kuwa na shimo jeusi. Kiongozi wa wanasayansi hao, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Wakenya wengi leo wameona roketi zikiruka kutoka Marekani kuliko wanaojua kwamba roketi ziliwahi kuruka kutoka pwani yao. Hiyo nayo ni sura nyingine ya ukawaida: kazi inayofanikiwa kila mara husahaulika upesi kuliko ile inayolipuka.

Ahadi ya basi la anga

Neno "kawaida" liliingia rasmi katika mipango ya anga kupitia vyombo vya Marekani vilivyofanana na ndege, vilivyojulikana kama Space Shuttle. Cha kwanza, Columbia, kiliruka Aprili 12, 1981, miaka 20 kamili baada ya Gagarin. Wapangaji waliahidi usafiri wa gharama nafuu, wenye makumi ya safari kila mwaka, mithili ya huduma ya basi.

Baada ya safari nne tu, Julai 4, 1982, Rais Ronald Reagan alitangaza kuwa majaribio yamekwisha na kwamba vyombo hivyo sasa viko tayari kwa kazi ya kila siku. Ahadi ya makumi ya safari haikutimia kamwe. Idadi kubwa zaidi kufikiwa kwa mwaka mmoja ilikuwa tisa, mwaka 1985.

Runinga nazo zilichoka. Asubuhi ya Januari 28, 1986, Challenger ilipokuwa ikijiandaa kuruka, CNN ndiyo iliyokuwa ikiendelea kuonyesha tukio hilo moja kwa moja miongoni mwa mashirika makubwa ya kitaifa ya runinga nchini Marekani. Hata hivyo, wanafunzi katika shule nyingi za nchi hiyo walikuwa wakitazama madarasani, kwa kuwa mmoja wa wanaanga saba waliokuwemo alikuwa mwalimu, Christa McAuliffe.

Sekunde 73 baada ya kuondoka, chombo hicho kilisambaratika na wote saba wakafa. Wanafunzi hao walishuhudia mkasa ambao wazazi wao, waliokwisha kuzoea, hawakuwa wamejishughulisha kuutazama.

Uchunguzi ulionyesha kuwa pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi ya pembeni zilikuwa zimekakamaa kwa baridi kali ya usiku huo, zikaruhusu gesi ya moto kupenya. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walikuwa wamepinga safari hiyo jioni iliyotangulia. Pete hizo zilikuwa zimeonyesha dalili za kuungua katika safari za awali, lakini kwa kuwa safari hizo ziliisha salama, dalili hizo zikaanza kuhesabiwa kuwa jambo la kawaida.

Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, aliwauliza wahusika uwezekano wa chombo kuangamia ulikuwa kiasi gani. Baadhi ya wahandisi walikadiria mara moja katika kila safari 100. Wakubwa wao walisema mara moja katika kila safari 100,000. Feynman aliandika kwamba kwa hesabu ya wakubwa hao, chombo kingeweza kurushwa kila siku kwa miaka 300 na kutarajiwa kupotea mara moja tu.

Historia ilikuja kuamua nani alikuwa sahihi. Vyombo hivyo viliruka mara 135 hadi vilipostaafishwa Julai 2011. Viwili viliangamia, na watu 14 wakapoteza maisha.

Kamera iliona, mazoea yakafumba macho

Mkasa wa pili ndio unaofundisha zaidi kuhusu kutazama. Columbia iliondoka Januari 16, 2003. Takriban sekunde 82 baadaye, kipande cha povu gumu la kuhami joto kilibanduka kutoka kwenye tangi kubwa la mafuta na kuligonga bawa la kushoto. Watazamaji hawakutambua chochote.

Lakini kamera za ardhini zilinasa tukio hilo. Wahandisi waliochunguza filamu siku iliyofuata waliliona, wakaingiwa na wasiwasi, na wakaomba picha zaidi za chombo hicho kikiwa angani. Maombi hayo hayakukubaliwa na wasimamizi. Sababu moja ni kwamba vipande vya povu vilikuwa vimebanduka katika safari nyingi zilizopita bila madhara makubwa, na vikachukuliwa kuwa suala la ukarabati baada ya chombo kurejea.

Mnamo Februari 1, 2003, Columbia ilipokuwa ikirejea, hewa yenye joto kali iliingia kupitia tundu lililokuwa kwenye bawa hilo. Chombo kilikatika vipande juu ya jimbo la Texas, na wanaanga saba wakafa.

Hapa ndipo tofauti kati ya mtazamaji na mtaalamu inapodhihirika. Mtazamaji aliye nyumbani anaweza kupiga miayo bila kumdhuru mtu. Msimamizi wa safari hana ruhusa hiyo. Siku anapoanza kuitazama roketi kwa macho ya mtu aliye sebuleni, ndiyo siku hatari inapopata mlango.

Roketi zinazorudi

Mabadiliko makubwa ya karne hii yalitokana na wazo rahisi: kwa nini roketi itupwe baada ya safari moja? Kwa miongo mingi, roketi karibu zote ziliishia baharini au jangwani. Ilikuwa kama kununua lori jipya kwa kila mzigo.

SpaceX, iliyoanzishwa na Elon Musk mwaka 2002, ilishindwa mara tatu mfululizo kabla ya roketi yake ndogo, Falcon 1, kufika kwenye mzingo Septemba 28, 2008. Desemba 2015, sehemu ya kwanza ya Falcon 9 ilirudi na kutua wima kwa mafanikio. Machi 2017, sehemu ya roketi iliyokwisha kutumika ilirushwa kwa mara ya pili. Tangu wakati huo, baadhi ya sehemu hizo zimesafiri zaidi ya mara 20.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu. Mwaka 2024, majaribio ya kufika kwenye mzingo wa dunia yalipita 250 kote ulimwenguni, na zaidi ya 130 kati ya hayo yalikuwa ya Falcon. China ilikuwa ya pili kwa wingi wa safari.

Wakati huo huo, intaneti iliondoa mlinzi wa lango. Zamani, mhariri wa runinga ndiye aliyeamua iwapo wananchi wataona roketi au la. Siku hizi wahusika hurusha matangazo wao wenyewe. Falcon Heavy iliporuka kwa mara ya kwanza Februari 6, 2018, zaidi ya watu milioni 2.3 waliitazama kwa wakati mmoja katika YouTube. Agosti 23, 2023, chombo cha India cha Chandrayaan-3 kilipokuwa kikitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, watazamaji zaidi ya milioni nane walikuwa katika matangazo ya shirika la anga la nchi hiyo kwa wakati mmoja.

Takwimu hizo zadhihirisha kwamba watu hawajachoshwa na anga. Wamechoshwa na marudio. Jambo likiwa la kwanza, au likiwa la kwao, hurudi kutazama, kama Wakenya walivyofanya kwa ajili ya Taifa-1.

Mambo ya kuangalia ukiwa nyumbani

Mtu anayetaka kufuatilia safari ya roketi anahitaji kwanza kujua saa. Ratiba nyingi hutolewa kwa saa za kimataifa, na kwa Afrika Mashariki huongezwa saa tatu. Kisha sharti awe na subira.

Hesabu ya kurudi nyuma, ambayo ilipata umaarufu kupitia filamu ya Kijerumani ya mwaka 1929 kabla ya kuigwa na wahandisi wa kweli, si pambo. Kila dakika ina kazi yake: kujaza mafuta, kupima mitambo, kuthibitisha upepo na umbali wa radi. Hesabu inaweza kusimamishwa wakati wowote, hata sekunde chache kabla ya sifuri.

Baada ya kuondoka, roketi huonekana kana kwamba inapanda polepole. Hiyo ni kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake, takriban asilimia 90 kwa roketi nyingi, ni mafuta na oksijeni ya kuyachomea. Kadiri yanavyoteketea, ndivyo inavyokuwa nyepesi na kuongeza kasi.

Dakika moja hivi baadaye, mtangazaji hutaja hatua ambapo shinikizo la hewa kwenye mwili wa roketi hufika kilele. Roketi nyingi hupunguza nguvu kwa muda mfupi wakati huo ili zisivunjike. Zikipita hapo, hewa huendelea kuwa nyepesi.

Kwa Falcon 9, sehemu mbili za roketi huachana baada ya takriban dakika mbili na nusu. Ya kwanza hugeuka ili irudi, na ya pili huwasha mtambo wake. Kufikia dakika ya nane au ya tisa, ya pili huwa imefikia kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa, mwendo ambao ungemfikisha msafiri Mombasa kutoka Nairobi kwa muda wa dakika moja.

Hiyo ndiyo kasi inayokifanya chombo kisianguke. Hakibaki juu kwa kuwa kimeikimbia nguvu ya mvutano wa dunia, bali kwa kuwa kinasonga mbele upesi kiasi kwamba kila kinapoanguka, dunia nayo inapinda chini yake.

Faida na gharama ya ukawaida

Ukawaida huu umeleta manufaa makubwa kwa mataifa yasiyo na roketi zao. Kabla ya Taifa-1, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma kuunda setilaiti ndogo ya 1KUNS-PF. Ilisafirishwa hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwezi Aprili 2018, na Mei 11 mwaka huo ikaachiliwa kuizunguka dunia. Kituo hicho chenyewe ni mfano wa mazoea: tangu Novemba 2000 hakijawahi kukosa watu ndani yake, lakini ni wachache wanaokumbuka hivyo wanapolala.

Lakini kila kinachopanda huacha mabaki. Alasiri ya Desemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Hakuna aliyejeruhiwa. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema uchunguzi wa awali ulionyesha kuwa kilikuwa kipande cha roketi, na likaanza kukichunguza ili kubaini kilikotoka.

Kwa wakazi wa Mukuku, safari za roketi hazikuwa tena picha za kwenye simu. Kadiri zinavyoongezeka, ndivyo swali la nani awajibikie mabaki yake linavyozidi kuzihusu hata nchi ambazo hazijarusha chochote.

Kwa hivyo, kipimo cha ukawaida wa kweli si wingi wa safari, wala uchache wa watazamaji. Kinapatikana katika jambo lile lile linalowaudhi walio nyumbani: tangazo kwamba safari imeahirishwa. Safari ya Challenger nayo ilikuwa imeahirishwa mara kadhaa, hadi siku ambayo waliokuwa na mamlaka waliona kuahirisha tena ni aibu.

Aprili 2023, upepo wa California ulipokuwa mkali, waliosimamia Falcon 9 walikataa kuirusha, wakakataa tena, ingawa hiyo ilikuwa moja tu kati ya makumi ya safari zao za mwaka. Wakenya walizima simu zao na kurudi kwa shughuli zao. Siku ya Jumamosi walipoziwasha tena, Taifa-1 ilipanda salama.